Mzungu analipa hela ndefu ili aje afanye kazi bure kituo cha yatima. Wadau wa Arusha na Moshi, hii imekaaje?

#1 Dereva wa Sakina
Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu.

Mimi ni dereva, napokea wageni pale uwanja wa ndege wa KIA. Wa mlima nawaelewa, wa mbugani nawaelewa, wanaonichanganya ni hawa mavoluntia. Unakuta binti wa miaka 19 katoka Denmark, begi limemzidi urefu, unamshusha nyumba ya mavoluntia huko Njiro, asubuhi yake unampeleka kituo cha yatima, unapita Moshono unaenda ndani ndani mpaka lami inakuaga. Njiani stori mbili tatu, namuuliza nani kakuajiri, ananiambia hakuna, nimelipa mimi. Yaani kalipa! Analipa kwa wiki, kwa kampani ya hukohuko kwao, hela ambayo mimi nikiishika nafunga mwaka. Halafu tukifika kituoni nakuta dada mmoja kainamia beseni anafua nguo za watoto wote peke yake, uji maji matupu, choo mlango wake kipande cha turubai.

Maswali yangu mawili tu. Hiyo hela inaishia wapi? Na mbona wale watoto hawaishi, kituo kimejaa vilevile mwaka nenda mwaka rudi, wageni wakishuka tu kwenye gari wanapangwa mstari wanaimba? Wajuzi njooni.

#2 Mangi wa Kiboroloni
Inaishia kwako dereva, kwani unawapeleka bure? 😂😂

#3 Dereva wa Sakina
Mangi mimi nalipwa tripu tu, tena mafuta nagombania risiti. Tujibu hoja.

#4 Anti Pendo
Ngoja nikusaidie maana niliwahi kuwa mratibu kwenye nyumba kama hiyo kabla sijaacha nikafungua saluni yangu.

Ile hela anayolipa mgeni, kubwa inabaki kulekule inakolipiwa. Matangazo ya intaneti, mishahara ya ofisi, bima, faida ya mwenye kampani. Huku inakuja ya kulipia nyumba, mpishi, mlinzi, dereva kama wewe, na kibali cha uhamiaji siku wakikumbuka kukata. Kituo chenyewe kwenye mkataba wetu kilikuwa hakipewi hata shilingi, kinapewa mtu. Kwahiyo mwenye kituo anaomba Mungu huyo mtu akifika aone hali, aguswe, atoe mfukoni mwake, au akirudi kwao akachangishe kanisani na kwa ndugu zake. Sasa jiulize mwenyewe, choo kikipata mlango wa mbao na watoto wakavaa vizuri nani ataguswa?

Hilo ndo jibu la turubai lako.

#5 Chalii wa Unga Limited
Duh. Kumbe ukiwa na mlango wa choo unafukuza wafadhili. Ngoja niung'oe wa kwangu.

#6 Mama Ngaramtoni
Anti Pendo usiwatie wote kapu moja. Huku kwetu Ngaramtoni wapo SOS, kila nyumba ina mama yake na watoto wake kama familia, mfumo ulianzia Austria 1949 na Zanzibar wapo tangu 1991, hapo huendi tu kwa kuwa una begi mgongoni na wiki mbili za likizo. Na kuna masista kibao wanalea watoto kimyakimya hata ukurasa wa Facebook hawana. Kuna vituo na kuna maduka, tutofautishe.

#7 Anti Pendo
Sijasema wote mama, nimesema nilipokuwa mimi. Ila hayo maduka unayoyasema wewe mwenyewe ndo yamejaa.

#8 Mchambuzi Huru
Suala la pili la mleta uzi lina historia. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walionekana Kagera 1983, miaka ya tisini ikawa msiba kila nyumba, wazazi wakaondoka watoto wakabaki na mabibi. Vituo vingi mnavyoviona vina mizizi yake hapo. Dawa za ARV za bure zimeanza kutolewa 2004, watu wakaacha kufa hovyo. Kwa hesabu ya kawaida vituo vilitakiwa vipungue.

#9 Mangi wa Kiboroloni
Na havijapungua. Biashara ikishapata wateja haifungwi kisa bidhaa imeadimika, wanatafuta bidhaa.

#10 Chalii wa Unga Limited
Mangi kwenye biashara hakosei, hiyo ni damu.

#11 Kijana wa Himo
Huwa nasoma tu humu sichangii ila hii imenigusa, mimi ndo hiyo bidhaa.

Nimelelewa kituo kimoja Moshi, sitakitaja. Nimeingia nikiwa darasa la pili nimetoka baada ya form four. Baba alifariki kweli, ila mama yangu yupo hai mpaka leo anauza ndizi soko la Himo, simu yake ninayo hapa. Alichoambiwa ni kwamba kuna sehemu mtoto anasomeshwa english medium, analala, anakula, hulipi chochote. We mama una watoto wanne na genge la ndizi utakataa? Hakunitupa. Alinitafutia shule.

Masharti yalikuja baadaye. Akija kunisalimia Jumapili anaambiwa wageni wakiwepo usijitambulishe kama mama, sema ni shangazi. Nikamzoea kumwita shangazi mbele za watu mpaka siku nyingine linanitoka nyumbani. Kulikuwa na viatu vyeusi vya ngozi, vizuri sana, vinakaa stoo kwenye sanduku la bati vimefungwa kamba jozi jozi. Wageni wakipiga simu wapo njiani tunagawiwa, wakiondoka tunarudisha, na ole wako uvikanyagie tope. Mimi namba yangu ilikuwa haipo nilikuwa navaa ndogo, naimba huku vidole vimekunjwa.

Kuhusu mavoluntia wenyewe, mnisamehe siwezi kuwachukia. Kulikuwa na dada wa Kijerumani alinifundisha kusoma saa na kupiga kinanda kidogo, usiku akipita kwenye vitanda anatufunika blanketi mmoja mmoja. Akakaa miezi kadhaa akaondoka, nikalia homa ikanishika. Akaja mwingine, nikampenda vilevile, akaondoka. Wa tatu au wa nne hapo nikawa nimeshajifunza, nakumbatia kama tulivyofundishwa, nacheka, namuuliza jina, kichwani naangalia kabeba nini. Watoto wadogo waliokuja nyuma yangu walikuwa wanamrukia mtu yeyote mwenye ngozi nyeupe getini hata fundi wa umeme, wageni wanaona ni upendo.

Lakini pia hao hao ndo walioniunganisha na sponsa aliyenilipia mpaka chuo. Leo nina diploma ya maabara na kazi ninayo. Ningebaki sokoni na mama ningekuwa wapi? Sijui. Ndo maana huwa nikisikia mtu anaviponda vyote nanyamaza na mtu akivisifia vyote nanyamaza.

#12 Mama Ngaramtoni
Mwanangu pole. Na hongera.

#13 Mzee wa Sanawari
Chai hii. Viatu vya stoo? Script ya muvi.

#14 Anti Pendo
Mzee wa Sanawari sio chai. Kwetu vilikuwa midoli. Juu ya kabati, kwenye nailoni zake ili visichafuke. Mfadhili aliyeleta akirudi anavikuta vipya anashukuru kuwa watoto wana nidhamu.

#15 Kijana wa Himo
Mzee usiamini tu, hunidai.

#16 Ustawi Mstaafu
Nimefanya kazi ustawi wa jamii halmashauri mbili za kanda hii, naomba niweke mambo ya sheria sawa maana naona watu wanaongea kama hakuna serikali.

Sheria ya Mtoto ni ya 2009, kanuni za makao ya watoto zikatoka 2012. Kituo hakiruhusiwi kupokea mtoto kwa makubaliano na mama sokoni, kinatakiwa kiwe na leseni ya Kamishna wa Ustawi, na mtoto aingie kwa kupitia ofisi ya ustawi baada ya kuchunguza ndugu. Makao ni hatua ya mwisho kabisa, kwanza ndugu, halafu walezi wa kuaminika, malezi ya kambo, kuasili. Na kuasili sio kama kwenye filamu kwamba mgeni kaja likizo kampenda mtoto kaondoka naye, sheria inamtaka awe ameishi nchini miaka 3 mfululizo.

Sasa mtaniuliza mbona hali iko hivyo. Mimi nilikuwa na kata sijui ngapi, pikipiki moja ya ofisi inayogombaniwa na bwana shamba, na mwenye kituo ana Land Cruiser ya wafadhili. Nikitaka kwenda kukagua namwomba yeye usafiri! Ukifunga kituo kesho asubuhi watoto arobaini unawalaza wapi, ofisini kwako?

#17 Dereva wa Sakina
Hapo kwenye kuomba lifti kwa unayemkagua umenimaliza mzee.

#18 Bush Lawyer
Aongeze na hili. Mgeni mwenye visa ya utalii haruhusiwi kufanya kazi hata ya bure. Voluntia anatakiwa kibali cha ukaazi daraja C. Nusu ya wanaopandishwa Noah ya dereva hapo juu asubuhi ni watalii kwenye makaratasi. Siku uhamiaji wakiamka vizuri mtasikia kelele.

#19 Mchambuzi Huru
Kinachosemwa na Kijana wa Himo kina namba zake za dunia. Save the Children walitoa ripoti 2009, kwamba angalau watoto wanne kati ya watano walioko kwenye vituo vya yatima duniani mzazi mmoja au wote wako hai. Kambodia ilifika mahali wakafanya kampeni 2011, mabango yanasema watoto sio kivutio cha utalii. Australia bunge lao 2017 lilipochunguza utumwa wa kisasa vituo vya yatima vikaingia mle ndani, na Umoja wa Mataifa Desemba 2019 wakapitisha azimio la haki za mtoto linalogusa mpaka mavoluntia kwenye vituo.

#20 Mzee wa Sanawari
Hizo ni namba za dunia sio za Arusha. Usituletee Kambodia hapa. Huku mtu akifiwa na baba anaitwa yatima, hata maandiko yanasema yatima na mjane, sasa kama mjane yupo maana yake mama yupo! Hakuna aliyedanganywa.

#21 Bush Lawyer
Mzee leo umeamka na hoja. Ila hiyo shangazi je?

#22 Mzee wa Sanawari
Shangazi hapo hapana. Hapo wamekosea.

#23 Mwl. Tengeru
Mnazunguka, chanzo ni shule. Elimu bila ada imeanza 2016 lakini nenda kaangalie darasa la kwanza shule za kata zetu, watoto wamebanana sakafuni, mchango wa chakula, uniform, mtihani wa kila wiki. Mzazi akiona kituo kina basi la njano na Kiingereza anampeleka mtoto akiwa na akili zake timamu. Ukitaka vituo vipungue weka madawati na uji shuleni. Hela ya voluntia mmoja kwa miezi miwili ingelipa mwalimu wa kujitolea wa hapahapa mwaka mzima, tuna vijana wa ualimu wamekaa vijiweni na vyeti vyao halafu anayefundisha hesabu kituoni ni mtoto wa miaka 18 aliyemaliza sekondari juzi.

#24 Chalii wa Unga Limited
Ticha kwani wewe unadhani wanakuja kwa ajili ya watoto? Wanajaza sivii. Vyuo vyao ukiandika nimefundisha yatima Afrika unapita kama mshale.

#25 Mama Ngaramtoni
Wengine ni upweke jamani. Mimi nimeuza mboga nyumba ya mavoluntia muda mrefu, kuna wastaafu wanakuja, mume kafa, watoto wako mbali, mwezi mzima anabeba vichanga mgongoni na khanga niliyomfundisha kufunga. Huyo sivii ya nini?

#26 Mangi wa Kiboroloni
Na wengine wamekuja kwa machalii wa Arusha tuseme ukweli. Humu kuna mtu ana watoto Norway, ajitokeze.

#27 Chalii wa Unga Limited
Sijatajwa jina sijibu.

#28 Dereva wa Sakina
😂😂 Turudi kwenye mada wakuu. Nina swali jipya. Nina mgeni wiki ijayo kaandikiwa "kituo cha yatima na hospice". Hii hospice ya huku iko wapi na voluntia asiye daktari anafanya nini kwa mtu anayekufa?

#29 Nesi wa Machame
Hapa ndo kwangu, nimestaafu ila mikono bado inafanya kazi.

Watu wanadhani hospice ni jengo la vitanda vya kufia. Huku kwetu kwa sehemu kubwa ni gari. Pale hospitali ya Selian kwa Walutheri wameanza 1999 na kazi yenyewe ni kumfuata mgonjwa nyumbani, nesi, mtu wa kanisani, kasha la dawa. Mnaacha gari barabarani mnashuka migombani kwa miguu maana mvua imepiga, mnamkuta baba kwenye kitanda cha kamba, saratani ya koo la chakula, na ukanda huu wetu ugonjwa huo upo sana, hamezi hata mtori uliochujwa. Familia imeshauza ng'ombe wa pili.

Dawa yenyewe ni morphine ya maji. Unapima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, unaliingiza pembeni mwa shavu unasukuma taratibu, chungu kweli ile. Kila masaa manne, ya usiku unadabo ili alale na mkewe alale. Na usisahau dawa ya kulainisha choo maana morphine inafunga, wengi wanaacha dawa kwa sababu ya tumbo sio kwa sababu ya maumivu. Unamfundisha binti yake kupima, unachora mstari na kalamu kwenye bomba kama hajui kusoma. Mkirudi wiki ijayo unamkuta mzee kaegemea mto anamgombeza mtu kuhusu mifereji ya kahawa. Hiyo ndo hospice. Hajapona, ila anagombana.

Sasa voluntia. Nimepelekewa wa kila aina. Kuna kijana alitaka kupiga picha kidonda cha titi cha mama wa watu, nikamwambia hiyo simu rudisha mfukoni au rudi kwenye gari, akarudi kwenye gari. Na kuna bibi mmoja nesi mstaafu kutoka Norway, Kiswahili hana hata cha salamu, alikuwa akifika anatafuta beseni, anaomba maji ya moto, anamwosha mgonjwa miguu anamkata kucha, anamgeuza, anaweka kanga iliyokunjwa chini ya visigino visichubuke. Familia zilikuwa zinamuulizia wiki asipokuja. Kwahiyo dereva, muulize mgeni wako anajua kufanya nini.

#30 Dereva wa Sakina
Kasema anasomea masoko.

#31 Nesi wa Machame
Basi afue mashuka.

#32 Mswahili wa Pune
Kufua mashuka sio adhabu nesi 😄. Mimi nilisoma India, likizo moja mimi na Mganda mmoja tukapanda treni kutoka Pune mpaka Kolkata, zaidi ya siku nzima kwenye reli, tukajitolee kwa masista wa Mama Teresa. Kwahiyo na sisi weusi tumewahi kuwa mavoluntia nchi za watu.

Kule hulipi kampani yoyote. Unajiandikisha kwenye nyumba yao ya watoto inaitwa Shishu Bhavan, unapewa kikaratasi, asubuhi mnakutana nyumba kuu mnapewa chai, mkate na ndizi, mnasambazwa. Mimi nilipangiwa Nirmal Hriday, Kalighat, ile nyumba ya wanaokufa, iko ubavuni kabisa mwa hekalu la mungu wao Kali, Mama Teresa aliipata 1952, zamani ilikuwa ya kupumzikia mahujaji. Vitanda vimepangwa chini chini, wanaume upande wao wanawake wao. Kazi ya kwanza kufua. Mablanketi mazito, mashine hakuna, unakanyaga kwa miguu kwenye karo huku unakamuana na Mjapani, yeye anapindia huku wewe kule. Baada ya hapo kulisha. Kuna mzee alikuwa hataki kulishwa na mtu yeyote, nikakaa naye tu, Kibengali sijui na yeye Kiswahili hajui, akawa ananishika nywele anacheka. Nadhani hakuwahi kuona.

Hakuna aliyeniuliza nimesomea nini. Hilo ndo lilinishangaza mpaka leo, wanaume tumetoka barabarani tunamgeuza mgonjwa mahututi.

#33 Nesi wa Machame
Na hapo ndo ugomvi wangu na ile nyumba. Mhariri wa jarida la madaktari la Lancet, Robin Fox, aliitembelea akaandika 1994 kwamba upendo upo ila dawa kali za maumivu hakuna na uchunguzi wa kidaktari ni wa kubahatisha. Mtu ana saratani ya mfupa unampa mkono wa kushika na sala? Cicely Saunders alishafungua hospice ya St Christopher's London 1967, ilishajulikana kwamba maumivu ya saratani yanatulizwa. Bila morphine mimi siiti hospice.

#34 Parokia ya Kwanza
Nesi kuwa na adabu na mtakatifu. Yule mama wa Kiitaliano alitoa maisha yake kwa watu waliookotwa mitaroni, mpaka anafariki 1998 alikuwa anatumikia. Wewe unaleta majarida.

#35 Mchambuzi Huru
Sio Mwitaliano, ni Mwalbania, kazaliwa Skopje 1910. Na kafariki tarehe 5 Septemba 1997, siku chache tu baada ya Princess Diana, sisi tuliokuwa na redio tunakumbuka. Kutangazwa mtakatifu ni 2016.

#36 Parokia ya Kwanza
Haya profesa. Ongezea na hii basi, masista wake walifika Tanzania 1968, tena sio Dar wala Arusha kwenye watalii, walienda Tabora. Hiyo kwenye majarida yenu imo?

#37 Mswahili wa Pune
Nesi mtendee haki kidogo. Sheria ya dawa za kulevya ya India ya 1985 ilifanya morphine iwe ngumu kupatikana hata mahospitalini, wameilegeza 2014. Vibali juu ya vibali. Sio masista peke yao walikuwa hawana, nchi nzima wagonjwa walikuwa wanalia.

#38 Nesi wa Machame
Hiyo sheria naijua. Uganda walio jirani zetu hapa, Anne Merriman kaanzisha hospice 1993, masikini kuliko India, morphine wakakoroga wenyewe ya unga na maji. Sheria inaombewa ruhusa. Shirika linalosikilizwa na marais wote duniani lingeomba lisingepewa?

#39 Parokia ya Kwanza
Hukuwepo.

#40 Nesi wa Machame
Na wewe hukuwepo, Mswahili wa Pune ndo alikuwepo, tumuulize. Walikuwa wanalia usiku?

#41 Mswahili wa Pune
Voluntia hatulali pale nesi. Mchana tunaondoka.

#42 Mwl. Tengeru
Hilo jibu linatosha kwenye mambo mengi ya uzi huu.

#43 Kijana wa Himo
Mimi naona kuna tofauti kati ya mzee na mtoto. Mzee akishikwa mkono na mgeni wiki mbili ni sawa, hamuachi na kidonda. Mtoto ukimzoesha ukaondoka ndo tatizo. Kwahiyo huyo wa masoko dereva mpeleke hospice akafue, watoto waachwe.

#44 Ustawi Mstaafu
Hapo mwanangu umesema ya kitaalamu. Vituo vya Romania vilipofunguliwa macho ya dunia baada ya 1989, watafiti waliwafuatilia wale watoto kwa miaka. Waliopelekwa kwenye familia wakiwa wadogo sana walinyanyuka kuliko waliobaki. Mtoto anahitaji mtu yuleyule kesho na keshokutwa, hata kama huyo mtu ni mkali na hana kinanda.

#45 Mama Ngaramtoni
Sasa yule dada anayefua kwenye beseni ndo mtu yuleyule wa kila siku, na ndo mwenye mshahara mdogo kuliko wote. Akiacha kazi watoto wanapoteza mama, wala hakuna anayempiga picha.

#46 Mangi wa Kiboroloni
Dereva siku ukienda mpe huyo dada elfu kumi ya kwako tuone.

#47 Dereva wa Sakina
Nilimpa sabuni mche mzima, usinijaribu.

#48 Anti Pendo
Kwa mgeni wako mwambie hivi: aulize leseni ya kituo ipo wapi, aulize watoto wangapi wamerudishwa kwa ndugu mwaka jana, na aulize kama anaweza kumsaidia mfanyakazi badala ya kukaa na watoto. Mwenye kituo akianza kuwaita watoto waimbe badala ya kujibu, aage.

#49 Mzee wa Sanawari
Mtafukuza wote. Halafu gunia la mchele mtatoa nyie? Nilipokuwa mwenyekiti wa mtaa wakati wa korona wageni walipokatika vituo vilikuja kulia kwangu, watoto wanakula mara moja. Humu wote mlikuwa wapi?

#50 Bush Lawyer
Mzee hapo wakati wa korona baadhi ya watoto si walirudishwa makwao? Maana yake makwao palikuwepo.

#51 Mzee wa Sanawari
Wengine palikuwepo. Wengine hawakuwa na pa kurudishwa, hao nao ni watu.

#52 Mama Rombo
Samahani naingilia. Nesi wa Machame, mama yangu ana saratani ya shingo ya kizazi, hospitali tuliyokuwa wametuambia tumrudishe nyumbani, tunampa panadol na diclofenac na usiku halali kabisa anashika ukuta. Hao watu wa hospice wanafika Rombo? Na ni shilingi ngapi?

#53 Nesi wa Machame
Mama Rombo, nenda na karatasi zote za mama, majibu ya kinyama na barua ya kutoka, hospitali ya KCMC Moshi kitengo cha saratani, useme wazi unataka huduma ya maumivu, usiseme tu mgonjwa anaumwa. Morphine haiuzwi duka la dawa, lazima iandikwe na daktari, na ndugu anaruhusiwa kuichukua mgonjwa akiwa kitandani ukiwa na karatasi zake. Diclofenac acha kabisa kama anatapika au choo kimekuwa cheusi, hiyo usisubiri, mpeleke. Watu watakutisha kwamba morphine ni ya kuulia, usiwasikilize, ikipimwa vizuri mama atalala na asubuhi atakuuliza chai iko wapi. Njoo inbox nikupe pa kuanzia.

#54 Mama Rombo
Asante nesi, nimekutumia.

#55 Parokia ya Kwanza
Nesi na hapo hapo parokiani kwake aulizie kikundi cha kutembelea wagonjwa, Rombo vipo karibu kila kigango. Hawana morphine lakini wana watu wa kupokezana usiku.

#56 Nesi wa Machame
Hapo Parokia nakuunga mkono. Ya Kalighat tutaendelea kesho.